Kamera Nyuma ya Kiti cha Mama Neema

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilikuwa ya ukungu, ukungu wetu wa Njombe ule unaoingia ukumbini na wageni na kuketi nao. Ilikuwa sherehe ya kumuaga binti kabla ya ndoa yake, enzi ambazo kamera bado inakula kanda. Nimeikumbuka kwa sababu ya jambo lililotokea juzijuzi kwenye kipaimara, nawe ulikuwepo, na hiyo gimbal yako mpya ya kutuliza kamera mkononi. Nitalifikia, usinikimbize. Mwenda pole hajikwai, na kwa kazi yenu ya kutembea na kamera, methali hiyo ingefaa muibandike kwenye mishikio.

Nilikuwa msichana wa Makambako. Nilifanya kazi kwa Mzee Lameki, mwenye studio ya picha karibu na njia panda. Watu hudhani alinichukua kwa sababu nilijua kamera. Sikujua hata kufungua kifuniko chake. Alinichukua kwa sababu kila asubuhi alinitazama nikipita mbele ya studio na ndoo ya maji kichwani, napanda kile kilima chenye makorongo bila kushika ndoo na bila kulowa. Siku moja akamuuliza mama yangu kama anaweza kuniazima. Mama akamwambia anichukue tu, lakini nirudi kabla ya kupika.

Ninyi leo mnanunua gimbal ikiwa ndani ya boksi, ina mota, ina chaji, kamera inatulia hata mikono ya mwenyewe ikitetemeka. Yetu tulichomelewa na fundi nyuma ya stendi. Ilikuwa bomba la chuma, mshikio wake unazunguka kwenye beringi za baiskeli, juu imekaa kamera, na chini imening'inizwa gia kuukuu iliyotoka kwenye mashine ya kupasulia mbao. Ule uzito wa chini ndio uliozuia kamera isiyumbe. Tuliiita mizani. Ilikuwa nzito, nayo iling'aa, maana Mzee Lameki aliipaka rangi ya fedha ili wateja waone kwamba studio imeendelea.

Kuibeba kulikuwa na adabu yake. Unakunja magoti kidogo, unatanguliza kisigino, unalaza unyayo taratibu, kiuno kinafuata, mabega hayajui kinachotokea chini. Yaani ni mwendo wa ndoo ya maji, ila maji yenyewe ni picha. Nilijifunza haraka, na sifa zikanijia haraka zaidi. Hapo ndipo ilipo hatari, mwanangu. Ukijua kitu kimoja vizuri ungali kijana, unataka watu wote wakuone ukikifanya.

Sasa nikuambie ya Mama Neema. Alikuwa mjane wa pale Njombe, amemlea Neema, huyo binti wa kuagwa, peke yake tangu mtoto anatambaa. Wiki chache kabla ya sherehe alikwenda kuwasalimia ndugu zake karibu na Bulongwa, akateleza kwenye mteremko wa shamba la viazi, akavunjika paja. Hospitalini Bulongwa walimlaza chali, mguu umevutwa kwa kamba yenye uzito, akaambiwa asijitikise mpaka mfupa ushike. Watu wa Neema wakataka kuahirisha. Lakini ndoa ilishatangazwa kanisani, na upande wa bwana harusi, waliotoka Makambako, walishajiandaa. Mama Neema mwenyewe akakataa isiahirishwe. Akamtuma kaka yake, mjomba wa Neema, aje kwetu studio, naye akatuletea maneno ya mgonjwa kama alivyopewa: "Ukumbi nimeshauona, mapambo nimeshayaona. Mimi nileteeni mwanangu akiniaga."

Mjomba akaondoka. Mzee Lameki akaniambia kwamba yeye atasimama nyuma na kamera ya miguu mitatu, na mimi nitakuwa na mizani. Nilifurahi. Sikufikiria sana habari za mgonjwa, nilifikiria viatu gani nivae.

Nilivaa vyekundu, vya kisigino.

Ukumbi ulijaa. Meza kuu upande mmoja, wazazi na ndugu wa karibu upande wa pili, katikati njia ya kuchezea. Muziki ulipoanza nikaingia katikati na mizani yangu inang'aa, nikakunja magoti, nikaanza mwendo wangu ule wa kuteleza, huku nazunguka, narudi nyuma, najisogeza mbele. Unazijua sherehe zetu. Mtu akicheza vizuri, watu hawamwachi hivihivi, lazima atunzwe. Basi akina mama wa upande wa bwana harusi waliponiona nimekunja magoti, kiuno kinakwenda, mabega yametulia, wakadhani nacheza. Tena wakadhani ni mchezo mpya wa mjini. Mmoja akapiga kigelegele, akaja akanifunga kitenge kiunoni. Mwingine akanitupia mtandio begani. Wengine wakajipanga nyuma yangu wakiigiza mwendo, wameshika vikapu na sahani kana kwamba nao wana kamera. Wanasema mcheza kwao hutunzwa, nami pale hapakuwa hata kwetu.

Nawe ungefanya nini? Nilizidi kuzunguka.

Wakati huohuo, mlangoni, Neema alikuwa ameshafika na rafiki zake waliomsindikiza. Ukumbi mzima ulikuwa umempa mgongo. Mshereheshaji ilibidi aseme kwenye kipaza sauti, jamani, bibi harusi mtarajiwa yuko mlangoni. Nikageuka mbio na mizani yangu nikamwelekea. Neema alikuwa anakuja na uso mzito, uso wa mtu anayetafuta mtu fulani kwenye kundi akijua kabisa hayupo. Alipoiona kamera mbele yake akasimama, akanyoosha shingo, akavaa lile tabasamu la picha ya kitambulisho. Rafiki zake nao vivyo hivyo. Nikaona nimepata picha safi sana.

Ulipofika wakati wa chakula, Mzee Lameki aliniita nje, upande wa majiko, ambako akina mama wa kupika walikuwa wamezungukwa na moshi na ukungu mpaka huoni kipi ni kipi. Hakunikaripia. Alichukua kamera, akairudisha nyuma kanda, akaniambia nichungulie. Nikachungulia.

"Umeona nini?" akaniuliza.

Nikamjibu kwamba nimeona watu wamefurahi.

"Sijakuuliza habari za furaha. Umeona nini?"

Nikachungulia tena, sasa bila kujipenda. Kila uso uliokuwemo mle ulikuwa unanitazama mimi. Kuna bibi alikuwa anainua kijiko cha uji wake, kamera ilipomfikia akakisimamisha hewani na kungoja nipite. Kuna wazee wawili walikuwa wanacheka jambo lao, kamera ilipofika wakanyamaza wakakaa kama wako mahakamani. Na Neema, niliona kwa macho yangu jinsi ule uso wake wa kwanza ulivyofungwa na wa picha ukafunguliwa. Ilikuwa mara moja tu, kama mtu anavyovuta pazia.

Mzee Lameki akasema taratibu, "Yule mama amelala Bulongwa. Ukimpelekea hii ataona ukumbi mzima unakutazama wewe. Na wewe hata hakujui."

Nilinuna. Ukupigao ndio ukufunzao, wanasema, lakini wasemao hivyo mara nyingi si wao wanaopigwa. Nikamjibu kwa jeuri ya umri ule kwamba mizani ameitengenezesha yeye mwenyewe ili nitembee, sasa kama hataki nitembee basi tuirudishe kwa fundi.

"Tembea," akasema. "Lakini anayebeba maji hatembei ili aonekane ana ndoo. Anataka maji yafike nyumbani."

Hakuongeza neno. Alivua skafu yake nyeusi, akaizungushia mizani kuanzia juu mpaka kwenye gia, ule mng'ao wote aliougharamia mwenyewe ukafichika. Akabandika kipande cha plasta juu ya kitaa chekundu cha kamera. Kisha akaviangalia viatu vyangu. Viatu hivyo, mwanangu, kwenye sakafu ya saruji vilikuwa vinagonga kuliko ngoma. Mpishi mmoja aliyekuwa anasikiliza yote bila aibu akanyoosha mguu akaniambia nivae raba zake, yeye atabaki na malapa, moto upo. Zilikuwa kubwa na zenye majimaji, na nilizipokea bila shukrani. Kitenge nilichotunzwa nilitaka kukifungua nikirudishe. Mzee Lameki akanikataza. Akasema kiache hapohapo kiunoni, sasa umefanana na wageni.

Nikarudi ndani, safari hii kwa mlango wa pembeni. Kwaya ilikuwa inaimba, watu wamesimama, nikaona ndio wakati wa kusogea. Nilipita ukutani, kamera nimeishusha usawa wa tumbo, nachungulia kidogo kwa chini kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba. Watu walipokaa nami nikasimama palepale nilipo. Mchungaji alipoomba, sikuinua hata unyayo. Wimbo ulipoanza tena, nikasogea tena. Mwanzoni waliniangalia, wakangoja nizunguke, sikuzunguka. Wakachoka kunitazama. Yule bibi akamaliza uji wake. Wale wazee wakarudia jambo lao, na nikalinasa cheko la mmoja wao mpaka meno yaliyobaki. Tangu siku ile najua kwamba watu huizoea kamera kama wanavyozoea paka wa nyumbani, mradi paka mwenyewe asirukie meza.

Sasa tufike kwenye kiti.

Upande wa ndugu wa Neema palikuwa na viti vya mbele, na mama yake mdogo alikaa hapo kuwakilisha. Pembeni yake walikuwa wameacha kiti kimoja kitupu chenye kitambaa cheupe, kiti cha Mama Neema. Ratiba ilikuwa hivi: Neema atakuja, atapiga magoti mbele ya mama mdogo, ataaga, kisha wanawake wa upande wa bwana harusi wataleta blanketi la mama. Hilo blanketi unalijua lilivyo na uzito kwetu watu wa baridi. Mama aliyelea anafunikwa, anaambiwa asante, kazi umeimaliza salama.

Kila mpiga video niliyemjua, kwa tendo kama hilo, angesimama mbele, kati ya anayepiga magoti na anayepigiwa, akaziba watu wote wa nyuma kwa makalio yake, akaomba warudie kama hakupata vizuri. Hata mimi mguu ulishaanza kwenda huko. Nikakumbuka yale maneno, nileteeni mwanangu akiniaga. Nikajiuliza swali dogo tu. Mama Neema angekuwa ameketi pale, angekuwa anaona nini? Hangeona mgongo wa Neema. Hangeona ubavu wake. Angemwona Neema anakuja, anashuka, anainua uso.

Wimbo wa kumleta Neema ulipoanza na watu wote wakainuka kucheza, nikapita nyuma ya ile safu ya viti kwa mwendo wa ndoo, kanda inaendelea kuzunguka, nikafika nyuma ya kile kiti kitupu, nikashuka nikapiga goti moja. Nikaiweka kamera juu kidogo ya mgongo wa kiti, usawa wa uso wa mtu aliyeketi. Viwiko nikavibana mbavuni. Skafu nyeusi, kitenge, giza la nyuma ya viti. Mama mdogo mwenyewe hakujua nipo, na tulikuwa karibu kiasi cha kusikia anavyopumua.

Mwenyekiti wa kamati ndiye aliyetaka kuharibu. Alinikosa mbele, akashika kipaza sauti akauliza mpiga picha yuko wapi, aje mbele haraka, tendo linaanza. Nilitikisa kichwa hukohuko nyuma ya kiti, kana kwamba ananiona. Kama angeniita kwa jina, ukumbi mzima ungegeuka, Neema angegeuka, tabasamu la kitambulisho lingerudi, na kule Bulongwa wangepelekewa tabasamu hilo. Nikaona Mzee Lameki kule nyuma ameinua mkono juu, akampungia mwenyekiti kwamba yote yako sawa, endelea. Mwenyekiti akaridhika. Watu wengi, mwanangu, wakiona mtu mzima ameinua mkono kwa utulivu, huridhika.

Neema akaja. Akamfikia mama yake mdogo, akasimama. Mbele yake hapakuwa na kamera, hapakuwa na mtu wa kumwambia sogea hapa, geukia huku. Palikuwa na mama mdogo, na kile kiti. Nikamwona anakitazama kiti. Hakuna aliyemwelekeza. Akahama hatua moja pembeni, akapiga magoti mbele ya kiti kitupu, akaweka mikono yake miwili juu ya kile kitambaa cheupe.

Muziki ulizimwa. Akasema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu aliye jikoni na mama yake: "Mama, ndiyo hivyo, mimi naondoka. Kuku wako nimemwachia Upendo wa jirani, nimemwonyesha pale wanapotagia. Wewe usihangaike kuinuka, kaa hivyohivyo. Nimekuja kuomba baraka tu."

Kisha akainua uso, akautazama mahali ambapo uso wa mama yake ungekuwa. Nami nilikuwa hapohapo, nyuma ya kiti tu, na nakuapia hakuniona. Alilia bila kujifunika.

Ile gia ya mashine ya mbao ilikuwa inanivuta mikono mpaka vidole vikafa ganzi. Nilitaka kulia pia, lakini mtu akilia mabega yanatikisika, kwa hiyo niliahirisha. Nilipumua kwa mdomo, kidogokidogo. Wanawake wa blanketi wakaja wakiimba, nao wakafuata pale Neema alipo. Wakalikunjua. Nikaona jambo ambalo sikulipanga: walikuwa wanalileta juu ya mgongo wa kiti, wamfunike mama asiyekuwepo, na nyuma ya mgongo wa kiti kulikuwa na kamera. Ningeweza kuruka pembeni. Kuruka kungewashtua, na wimbo ungekatika. Nikakaa. Blanketi likaja, likajaa kwenye kioo, likanifunika mimi na mizani, picha ikawa giza la sufu tupu. Nikabaki humo gizani nasikiliza wimbo na kujilaumu kwamba nimeharibu mwisho.

Baada ya siku chache tulikwenda Bulongwa, mimi na mjomba, barabara ya Makete ikiwa na tope la kutosha. Wauguzi walituruhusu kusogeza televisheni karibu na kitanda, nikaunganisha kamera. Mama Neema alikuwa amelala chali, mguu juu, ule uzito umening'inia mwisho wa kitanda kama gia yangu. Alikuwa mwembamba, na mkali. Sehemu ya kwanza, ile ya mizunguko yangu, aliitazama yote. Aliuliza tu mbona watu wote wameganda, kuna nini. Ilipoanza sehemu ya pili akaanza kuwataja watu, huyu kanenepa, huyu naye alikuja, yule anakula kama hajaonywa.

Neema alipotokea kwenye picha anakuja, mama yake akaacha kuwataja watu. Neema akapiga magoti. Akasema yale ya kuku. Akainua uso.

"Nimekusikia, mwanangu," Mama Neema akaiambia televisheni. "Inuka sasa, sakafu ina baridi."

Blanketi lilipokuja na picha kuwa giza, nikasogea nizime, maana nilikuwa naona aibu na sehemu hiyo. Mjomba akanishika mkono. Nilipogeuka, Mama Neema alikuwa amefumba macho na amelivuta shuka la hospitali mpaka kidevuni, analishikilia kwa mikono miwili, na wimbo unaendelea. Hapo ndipo nililia, mabega yakatikisika yalivyotaka.

Alipona. Alichechemea, lakini alipona. Mzee Lameki naye tulishamzika, amelala Makambako, na mizani ninayo mimi nyumbani, nimeegeshea mlango wa stoo.

Sasa hilo la kipaimara. Mjukuu wa Mama Neema alikuwa anabarikiwa, na Mama Neema, bibi kizee sasa na mkongojo wake, alikaa benchi la mbele, nami pembeni yake kwa sababu siku hizi mimi ni mgeni tu. Wewe ulikuwa unapita mbele yetu na gimbal yako. Unakwenda, unarudi nyumanyuma, unazunguka watoto kama mtu anayefukuza nyuki. Mchungaji aliponyoosha mkono juu ya kichwa cha mjukuu, ulikuwa umesimama kati yake na bibi. Bibi akakwambia sogea, baba, simwoni mtoto wangu. Uliomba radhi vizuri, sikulaumu. Ukasogea kulia, lakini mkono wa mchungaji ulikuwa umeshashuka.

Tulipokuwa tunakunywa chai nyumbani kwao, Mama Neema alikuwa bado na hasira zake. Akawaambia vijana waliokuwepo kwamba enzi zetu haikuwa hivyo. "Siku namuaga Neema," akasema, "hapakuwa na mtu wa kamera mbele yangu. Nilikaa kwenye kiti changu, Neema akaja akapiga magoti hapa, mbele yangu kabisa. Akaniambia habari za kuku. Nami nikamwambia inuka, sakafu ina baridi. Wakanifunika blanketi mpaka machoni, sikuona kitu tena, nikasikia kuimba tu."

Neema alikuwa anamimina chai. Alinitazama, nami nikamtazama. Mjomba, ambaye siku hizi hasikii vizuri, alikubali kwa kichwa. Kijana mmoja akauliza sasa kama hapakuwa na mpiga picha, picha zilipigwa na nani? Mama Neema akafikiri kidogo. Akasema hajui, labda walikuwepo, yeye hakumwona mtu.

Nikanywa chai yangu. Katika miaka yote ya kazi hii sijawahi kulipwa zaidi ya hapo.

Basi nasaha yangu, mwanangu, ni fupi kuliko hadithi yake. Gimbal ni kitu kizuri, usiitupe. Lakini imetengenezwa ili mtazamaji asihisi miguu yako, sasa kwa nini watu waliopo ukumbini waihisi? Fika mapema, upite njia zako kabla wageni hawajaja, ujue wapi utasimama mambo makubwa yakianza. Vaa kama walivyovaa wenye shughuli, na viatu visivyosema. Funika kila kinachowaka na kung'aa. Watu wakisogea, sogea nao, wakitulia, tulia. Usikatize kamwe kati ya jicho la mzazi na mtoto wake, hata kama picha ingekuwa nzuri namna gani, maana hiyo picha umemnyang'anya mwenyewe. Na kabla hujawasha, jiulize kazi hii ni ya nani. Daima kuna mtu mmoja ambaye hakuweza kuja: mgonjwa, aliye safarini, mtoto ambaye hajazaliwa. Kakae kwenye kiti chake, uone anachopaswa kuona. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukijitembeza sana mbele ya watu, watakukumbuka wewe, na watasahau walichokuja kukiona.

Ukitaka kujifunza mwendo, njoo nyumbani. Sitakupa mizani, itakuvunja mikono. Nitakupa ndoo ya maji, na kilima unakijua.

Mungu akupe mkono uliotulia na unyayo mwepesi. Akuweke karibu na furaha za watu bila kuzizuia, na karibu na misiba yao bila kuisumbua. Na siku utakapokuwa mzee kama mimi, ukae mahali fulani unakunywa chai, usikie mtu akisimulia siku uliyoifanyia kazi kwa moyo wako wote, na aseme hakukuona. Amina.